Mgeni Wangu Anadhani Baba wa Mume Wangu Ananitesa

Mpendwa mshauri, naomba msaada na naomba uniwahi kabla ya Jumatatu, kwa sababu siku hiyo kuna mtu amesema atakwenda polisi kwa ajili yangu na mimi sina kesi yoyote, sijapigwa, sijatukanwa, nakula vizuri na nalala vizuri, isipokuwa wiki hii ndiyo silali.

Ninaishi Uyole, hapa Mbeya, mume wangu Asukile yuko Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu na huja nyumbani mara moja kwa mwezi, na katika kiwanja chetu kuna nyumba tatu, ya mbele tunayowapangisha wageni wa siku chache wanaotupata kwenye mtandao, ya katikati ninayokaa mimi na wifi yangu Bupe, na ya nyuma karibu na miparachichi anakokaa baba wa mume wangu, ambaye alihamia kwetu kutoka Tukuyu baada ya mke wake kufariki. Sisi ni Wanyakyusa, na wewe mshauri uko Iringa sijui kama huko mnayo mila hii, kwetu mke hakutani uso kwa uso na baba wa mume wake, hamsemeshi, hali naye, hapiti alipo na jina lake halitaji, siku hizi wengi wameacha, majirani zangu wanakunywa chai meza moja na wakwe zao na hakuna anayewacheka, lakini familia ya mume wangu bado inaishika na mimi niliikubali tangu naolewa, sioni kama ni mzigo, ni heshima yangu kwake na yake kwangu. Yeye akitaka kupita uani hugonga bati la uzio kwa fimbo ili nijue, mimi najiondoa, akishapita narudi kwenye kazi yangu, chakula chake anapeleka Bupe, na tumeishi hivyo bila neno.

Wageni nao siku zote huwapokea Bupe, yeye ndiye mwenye mdomo, anawaonyesha nyumba, anawapeleka kumsalimia baba yake wakipenda, mimi kazi yangu ni simu na jiko. Sasa mwezi huu Bupe alikwenda msibani Tukuyu, na siku hizo hizo wakaja wageni wawili kutoka Dodoma, mke na mume, Sabina na Anania, wako likizo wanataka kupanda hadi Ziwa Ngosi, na mimi nikabaki peke yangu na wageni mbele na yeye nyuma. Nikaona ni vizuri kuwatahadharisha wasije wakashtuka, lakini jina siwezi kulitaja, hata kuliandika mkono ulikataa, na kuanza kumweleza mtu nisiyemjua mambo ya wakwe nikaona aibu, basi kabla hawajafika nikawaandikia kwenye simu hivi, "Karibuni sana, mkimwona yule wa nyuma msiogope, hana shida na mtu." Sabina akauliza, "Yule nani, dada?" Nikajibu, "Hakuna shida, karibuni sana."

Walipofika nikawawekea chai barazani, sijamaliza kumimina nikasikia bati linagongwa, mshauri nilikimbia, chupa ya chai ikaangukia huko na kanga ikabaki kwenye kiti, nikajificha nyuma ya mahindi mpaka alipopita, nikamsikia Sabina anasema, "Jamani, dada amepatwa na nini?" Kesho yake wakaniona naweka sahani ya ugali juu ya kisiki, naifunika, narudi kinyumenyume, kisha yeye anatoka na fimbo yake, anachukua bila neno anaingia ndani, kwa sababu Bupe hayupo na ningempelekeaje. Tena bati likagongwa, tena nikakimbia. Basi asubuhi moja Sabina akanikuta bombani, akanishika mkono.

"Dada, niangalie. Yule mzee ni nani yako?"

"Ni wa hapa."

"Wa hapa kivipi?"

"Wa hapa hapa nyumbani."

"Anakupiga?"

Nikacheka mshauri, sisi wengine tukiulizwa jambo la aibu tunacheka, na Juni hii unajua baridi ya Uyole, nilikuwa nafua, nimeloa mikono. Akamgeukia mume wake, "Umeona, Anania? Anacheka huku anatetemeka." Anania akaenda moja kwa moja kule nyuma, akatoa shikamoo vizuri, kisha akauliza, "Mzee, samahani, huyu binti amekukosea nini?" Yeye, kwa kuwa naye hanizungumzii mbele ya watu, akasema tu, "Muulizeni mwenyewe." Hapo wakafungasha, siku zao hazijaisha, Ngosi hawajafika, kifungua kinywa hawakugusa, na wakati wa kuagana Sabina akaninong'oneza, "Usiogope. Sitakuacha."

Alipofika kwake akaanza kutuma ujumbe, "Dada Atuganile, kama huwezi kuongea tuma nukta tu, nitaelewa." Nikatuma, "Hakuna shida dada, karibu tena." Akajibu, "Najua yuko hapo anasoma. Jumatatu naenda dawati la jinsia, watakuja wenyewe kukuona."

Nimempigia Asukile, anasema nyamaza tu, mtu wa Dodoma huyo, atasahau. Bupe amerudi, anasema mwandikie ukweli wote. Mimi nikifikiria kuandika naona atatucheka, atasema hawa washamba bado wako enzi zile, ataandika mtandaoni wageni wote wasome, na nikinyamaza naona gari la polisi linaingia kwetu, mzee wa watu anatolewa nje na fimbo yake mbele ya Uyole nzima, kanisani wasikie, Tukuyu wasikie, na mimi niwe yule mkwe aliyemletea baba wa mume wake polisi. Na hata kumwomba radhi siwezi mshauri, nitamwomba kwa mdomo gani, wakati mdomo wangu na sikio lake havijawahi kukutana.

Nifanyeje, niandike au ninyamaze? Na je, tufunge hii nyumba ya wageni, maana naona watu na mila zetu haviwezi kukaa kiwanja kimoja?

Atuganile, Uyole, Mbeya

ROZALIA KALINGA ANAJIBU

Atuganile,

Barua yako ilinifikia hapa Iringa Ijumaa. Safu hii huchapwa Jumatano. Jumatatu isingenisubiri, kwa hiyo nilikupigia simu kwanza na ninaandika sasa, kwa ruhusa yako na ya wote waliotajwa.

Utakumbuka nilianza na swali lile lile la Sabina: anakupiga? Ukacheka. Nikakuambia acha kucheka, jibu. Ukasema, "Hapana dada, hajawahi. Hata sauti yake siijui vizuri." Baadaye nilimpigia Bupe akiwa peke yake sokoni, kwa sababu kazi yangu ni kuuliza mara mbili. Akaniambia, "Baba? Baba, kuku akiingia kwenye mchicha anamsihi kwanza ndipo anamfukuza." Nimeridhika. Hupigwi, huteswi, na mzee hana kosa.

Lakini elewa kwa nini niliuliza. Nimekaa miaka mingi kwenye mabenchi ya mahakama nikiandika habari za wanawake ambao jirani aliwauliza wakajibu "hakuna shida". Wengine habari zao niliziandika wakiwa hawapo tena kuzisoma. Sabina aliona mwanamke anakimbia kila fimbo inapogonga bati, anaweka chakula juu ya kisiki kisha anarudi kinyumenyume, anaulizwa swali la wazi anacheka. Angeona hayo yote akapanda gari akalala usingizi, ningekuwa na maneno makali kwake, si kwako. Usimkasirikie. Umepata mgeni mwenye moyo.

Maneno yangu makali ni kwako wewe. "Yule wa nyuma, msiogope." Atuganile! Mimi ningesoma hivyo ningefunga mlango kwa komeo na kuweka meza nyuma yake. Uliogopa kumwambia mgeni jambo la kawaida, ukamwambia jambo la kutisha. Na alipokuuliza ni nani, alikupa nafasi ya pili, nawe ukamjibu kwa kumkaribisha. Uliniruhusu nisome ujumbe wenu wote, na haikuwa mara moja. Aliuliza kama kuna maji ya moto, ukajibu, "Karibu sana dada." Hilo si jibu. Jibu ni kwamba bafuni hakuna, ila kila asubuhi mnaleta ndoo ya maji ya moto mlangoni. Angelipokea vizuri. Mtu anayeuliza anataka kujua. Ukimpa ukarimu mahali pa jibu, anajaza pengo mwenyewe, na mtu aliye ugenini hujazia hofu.

Umesema jina lake hulitaji. Sijakuomba ulitaje. Hapa ofisini tuna Devota, ameolewa Rungwe na ana mila hiyo hiyo mpaka leo. Nilimsomea barua yako. Akashika kichwa. "Kwani amekatazwa kusema baba yake Asukile? Sisi wote ndivyo tunavyosema. Angekuwa amemaliza!" Umesikia. Mila haikukuzuia kusema. Aibu ndiyo iliyokuzuia, ukaitupia mila lawama.

Jumamosi nilikuambia uandike nami nikiwa kwenye simu. Ukaanza: "Samahani sana dada kwa usumbufu wote uliojitokeza, hakuna shida..." Nikakuambia ufute. Ukaanza upya na salamu za familia yote. Nikakuambia ufute tena. Ndipo ukaandika huu, ambao nauchapa kama ulivyo kwa sababu ni mzuri:

"Dada Sabina, yule mzee ni baba yake Asukile, mume wangu. Sisi ni Wanyakyusa, na katika familia yetu mke hakutani wala hasemi na baba wa mume wake. Anapogonga bati ananijulisha nimpishe, hanitishi. Hajawahi kunipiga wala kunitukana. Kumwekea chakula kwenye kisiki ni kwa sababu wifi yangu hakuwepo. Nilipaswa kukueleza kabla hujafika, sikukueleza, nikakutia hofu bure. Nipigie, niko peke yangu. Au mpigie wifi yangu Bupe."

Hakuna kujitetea humo, hakuna kulia. Kuna nani, kuna nini, kuna kwa nini, na kuna namna ya kuhakikisha. Sabina alikupigia kabla hujaweka simu mezani. Nyie mliongea yenu, siyajui. Kisha akanipigia mimi, kwa sababu ulimpa namba yangu, na yeye pia ni mtu wa kuuliza mara mbili.

"Dada Rozalia, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na ile fimbo?"

"Ya kutembelea."

"Na kutetemeka?"

"Umewahi kufua Uyole mwezi wa sita?"

"Kwa hiyo yuko salama."

"Yuko salama."

"Jamani, afadhali." Nikasikia anavuta kiti, anakaa. "Unajua nimeshawasimulia ofisi nzima? Anania ameshachora na ramani ya kiwanja. Sasa nitawaambia nini?"

"Waambie ukweli. Ni mfupi kuliko ulichowaambia mwanzo."

Hapo ndipo alipocheka, na hakuwa anakucheka wewe. Hakuita mtu mshamba. Alichosema ni kwamba kwao nako mama yake hawezi kukaa kwenye kitanda cha mkwewe hata nyumba ikiwa haina kiti, na hakuna mgeni anayeelezwa. Mtandaoni hakuandika kitu. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Ningeandikaje, na nilidhani yule mzee ndiye anayesoma?" Anataka kurudi, Ngosi bado inamdai. Mwambie Bupe asisafiri.

Sasa mzee Lutengano. Jina lake nalitaja, mimi si mkwe wa mtu hapo. Bupe alimpelekea simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ndiwe wa gazeti?"

"Ndimi."

"Nimeshtakiwa?"

"Hapana, baba. Hakuna aliyekushtaki. Wamekosea kuelewa, na sasa wameelewa."

Akakohoa kwanza. Halafu akaniambia maneno ambayo wewe huna namna ya kuyasikia isipokuwa hapa, kwa hiyo yasome taratibu. "Yule kijana aliniuliza binti amenikosea nini. Nikawaza, kumbe kwa mwanangu naonekana mtu wa kugombana na watoto. Mimi tangu wageni waanze kuja nakaa kule nyuma kwenye kivuli, baridi inanila miguu. Bupe akiwepo huniletea wengine wananisalimu. Asipokuwepo hakuna. Nikafikiri labda wageni wa siku hizi hawataki kuona wazee. Kwani hawaambiwi kama nipo?"

Nikamwambia ukweli, kwamba safari hii waliambiwa kuna "yule wa nyuma". Nikadhani simu imekatika. Kumbe anacheka, Atuganile, kicheko cha mtu mwenye kifua kibovu, mpaka Bupe akamwambia, "Baba, taratibu."

"Mwambie mke wa Asukile sina neno naye," akasema. "Ananiheshimu kuliko wanangu. Lakini wageni waje wanisalimu. Mtu anaingia kwa watu, analala, anaoga, anaondoka, hajamsalimu mwenye nyumba? Huo ni ugeni gani? Ndaga fijo." Akanishukuru hivyo kwa Kinyakyusa, akamrudishia Bupe simu kabla sijamshukuru na mimi.

Ulikuwa unatafuta mdomo wa kumwomba radhi. Hataki radhi. Anataka ajulikane kwamba yupo.

Kwa hiyo nyumba usiifunge. Mila yenu na wageni vinakaa kiwanja kimoja vizuri kabisa, mradi mgeni ameambiwa kabla ya kufika. Mgeni akishakubaliana nanyi siku za kuja, siku hiyo hiyo mwandikie anayeishi kwenye kiwanja: wewe, wifi yako, na baba yake Asukile nyumba ya nyuma. Mwambie atakachosikia, bati likigongwa, na atakachoona, wewe ukiondoka, na kwamba hilo ni heshima, si ugomvi. Mwambie naye afanye nini: amsalimu mzee, aendelee na chai yake. Siku moja kabla hajafika mkumbushe, kwa maana watu husoma wakiwa na haraka. Usiiombee mila yako msamaha. Hukumkosea mtu kwa kuwa nayo, ulikosea kwa kuificha. Mgeni ambaye haitaki aseme mapema atafute kwingine, itakuwa heri kwenu nyote.

Bupe akisafiri, hilo nalo ni habari. Mgeni aelezwe kwamba aliyezoea kupokea hayupo, na akitaka kumwona mzee aende mwenyewe, anakaribishwa. Akiuliza nani, jibu nani. Akiuliza kama kipo, sema kipo au hakipo. Maneno "hakuna shida" yatumie pale tu ambapo umeshaeleza shida yenyewe na namna ulivyoimaliza. Na mgeni akikuuliza jambo la aibu ana kwa ana, cheka kama umezoea kucheka, ila ukimaliza kucheka jibu.

Asukile, najua gazeti hili linafika Makongolosi. Ulimwambia mke wako anyamaze, mtu wa Dodoma atasahau. Hakusahau. Kama mkeo angekusikiliza, leo ungekuwa kwenye gari unakuja kueleza polisi jambo ambalo ujumbe mmoja umelimaliza. Mwezi huu ukija nyumbani, kaa na baba yako nje, mbele, watu wawaone.

Jumatatu imepita. Sabina alikwenda kazini kwake. Bupe ananiambia mzee amehamisha kiti chake kutoka kule kwenye miparachichi, amekiweka upande wa juani karibu na geti, mahali mgeni anapomwona kabla hajaona nyumba. Wewe sasa pita mlango wa jikoni, si mbali. Na wageni wenu wanaofuata wanafika Jumamosi: waandikie leo, waambie atakayewapokea getini ni baba yake Asukile.